Kamera ni Shahidi, Si Mlinzi

Jina la kitu lina uwezo wa kumwelekeza mtumiaji wake, na lina uwezo wa kumpotosha. Tumezoea kusema "kamera ya ulinzi", na kwa sababu ya jina hilo mwenye duka huinunua kana kwamba anaajiri bawabu. Huitundika juu ya mlango, humlipa fundi, kisha huenda zake akiamini kwamba mali yake imepata wa kuilinda. Lakini kamera haifungi mlango, haipigi ukunga, wala haimshiki mwizi mkono. Kazi yake ni kuona na kukumbuka. Katika lugha yetu, mwenye kazi hiyo haitwi mlinzi, huitwa shahidi.

Huu si mchezo wa maneno, hasa kwa watu wa Garissa na Kaskazini Mashariki kwa jumla. Mji ulioshuhudia mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, haulichukulii neno "ulinzi" kwa wepesi. Wala watu wake hawajasahau ubaya wa kushukiwa kwa sura. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao wakiwa Wasomali, walikamatwa mtaani Eastleigh jijini Nairobi, na baadhi yao wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mahali penye kumbukumbu za namna hiyo, picha hafifu ni hatari kuliko kutokuwa na picha kabisa. Shahidi asiyeona sawasawa akiulizwa ni nani aliyeiba, atajibu: "Ni kijana mrefu, mwembamba, amevaa kikoi." Nusu ya vijana wa mji wamo katika maelezo hayo.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, mwenye duka na ajiulize: shahidi huyu nitamtaka anijibu swali gani? Je, nataka kujua kwamba mtu aliingia, au nataka kujua ni nani aliyeingia? Maswali hayo mawili hayajibiwi na kamera moja iliyowekwa popote. Viwango vya kimataifa vya mitambo hii vya mwaka wa 2014 vilieleza kwamba ili kumtambua mtu usiyemjua, picha inahitaji nukta, yaani pikseli, zipatazo 250 katika kila mita ya upana wa mahali panapotazamwa. Kujua tu kwamba kuna mtu, pikseli 25 kwa mita zatosha. Basi kamera ya kawaida yenye pikseli 1,920 kwa upana itatambulisha uso ikiwa inatazama eneo lisilozidi mita saba na nusu hivi. Ukiielekeza kwenye uwanja mzima wa soko, utaona watu wengi na hutamjua hata mmoja. Heri kamera mbili zenye kazi maalumu, moja ya mlangoni na moja ya sandukuni mwa fedha, kuliko kamera nne zinazotazama kila mahali.

Jua letu nalo lina hila yake. Kamera iliyo ndani ikitazama mlango ulio wazi saa saba mchana hukabiliwa na mwanga mkali wa nje, na kila aingiaye huwa kivuli cheusi kisicho na macho wala pua. Zipo kamera zilizoundwa kusawazisha mwanga na giza katika picha moja. Ulizia hizo, kisha uzijaribu papo hapo. Mwambie fundi aingie mlangoni adhuhuri, aingie tena usiku, kisha mtazame pamoja picha iliyohifadhiwa. Usimlipe hadi uso wake utambulikane nyakati zote mbili. Aidha, kamera isitundikwe juu mno karibu na dari, la sivyo utapata maktaba ya kofia na vilemba.

Sifa ya pili ya shahidi ni kujua wakati. Mitambo mingi huachwa na saa na tarehe ya kiwandani, na picha inayodai kupigwa mwaka ambao duka halikuwapo haimsaidii yeyote. Hapa pana mtego wa lugha pia. Mtambo huandika 20:00. Muuzaji humwambia polisi kuwa wizi ulitokea saa mbili usiku. Naye polisi huenda kutafuta picha ya 02:00, asione kitu ila paka. Saa ya Kiswahili haina kosa lolote, ila yafaa wenye duka wabandike kando ya mtambo karatasi inayolinganisha hesabu hizo mbili.

Sifa ya tatu ni kuwapo. Umeme ukikatika, shahidi hulala, na mwizi mwerevu huijua saa ya kulala kwake. Kamera za mtandao zina faida moja kubwa: waya mmoja hubeba picha na umeme pamoja kwa umbali wa hadi mita 100. Hivyo betri moja iliyo chumba cha nyuma yaweza kuziwasha kamera zote, mtambo wa kuhifadhia picha na ruta. Eneo lenye jua la kuendesha mtambo wa umeme wa takriban megawati 50, uliozinduliwa Garissa Desemba 2019, haliwezi kukosa jua la kujaza betri ya dukani. Picha nazo zihifadhiwe kwanza dukani, katika kabati lililofungwa mbali na sanduku la fedha, ili mwizi asiondoke na shahidi begani. Kutegemea intaneti peke yake si busara, hasa Wajir na Mandera ambako milingoti ya simu imewahi kulipuliwa na al-Shabaab mara kadhaa.

Walimu wa hisabati wanaweza kuwapa wanafunzi wao zoezi hili. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 hivi kwa siku. Kamera nne hujaza takriban gigabaiti 173. Diski ya terabaiti moja basi haitimizi siku sita. Mwenye duka anayehesabu mali yake mwisho wa mwezi ndipo agundue upungufu atakuta ushahidi umekwisha kufutwa zamani. Ama anunue diski ya zaidi ya terabaiti tano, ama apunguze ukubwa wa picha, ama ahesabu mali yake kila wiki. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kamera haikuja kuchukua nafasi ya daftari.

Sifa ya nne ni kwamba shahidi asitekwe na maadui. Kamera ya mtandao ni kompyuta ndogo yenye jicho, na mlango wake hufunguliwa kwa neno la siri. Mwaka wa 2016, programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vingine duniani kwa kujaribu tu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapatayo sitini. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi la vifaa vilivyotekwa kwa njia hiyo lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Marekani, Dyn, na mitandao mashuhuri ikazimika kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua kwamba mashahidi wao walikuwa wamegeuzwa askari wa kukodiwa. Neno la siri libadilishwe siku ile ile ya kufunga mtambo, lijulikane na mwenye duka wala si fundi, na kamera isifunguliwe moja kwa moja kwenye intaneti kwa ajili tu ya kumfurahisha mwenyewe kuitazama akiwa safarini.

Sifa ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kutunza siri. Maduka mengi yana wakala wa M-Pesa, na kamera iliyo juu ya meza ya wakala humwona mteja akibonyeza nambari yake ya siri. Kamera inayotazama mahali wanawake wanapojaribu nguo, au ndani ya saluni ambamo wameondoa hijabu wakijua wako peke yao, ni uvunjaji wa heshima ambao hakuna hasara ya wizi inayouhalalisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaongeza wajibu wa kuwaarifu watu kwamba habari zao zinachukuliwa, na kwa nini. Tangazo hilo liandikwe kwa Kiswahili na Kisomali, mlangoni, kwa herufi zinazosomeka. Tangazo la Kiingereza peke yake, mahali ambapo wateja wengi hawakisomi, ni ukimya uliopakwa wino.

Wengi wanadhani sheria hii ni ya makampuni makubwa. Sivyo. Kanuni za usajili za 2021 zimeiondolea mzigo wa kujisajili biashara yenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini anayeendesha kamera za kuzuia uhalifu hamo katika msamaha huo, hata duka lake liwe dogo namna gani. Na tusisahau kwamba mwaka wa 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wakuu wanaopanga kuweka kamera shuleni walitafakari jambo hilo. Anayeirusha picha ya mshukiwa katika kundi la WhatsApp amemhukumu mtu kabla ya hakimu, na huenda amemhukumu asiye na hatia. Mahali pa picha hiyo ni polisi, kisha mahakamani, pamoja na cheti kinachotakiwa na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, kinachoeleza jinsi picha ilivyopatikana na kutiwa sahihi na mwenye dhamana ya mtambo.

Sisemi kwamba wenye maduka wasinunue kamera. Mwenye kuamka kila siku alfajiri kufungua duka ana haki ya kujua aliyemwibia. Ninachosema ni kwamba wanafunzi wetu wa kompyuta, ambao ndio mafundi wa kesho, wafundishwe kumwuliza mteja swali la kwanza kabla ya kutoboa ukuta: je, siku kijana wa mtu atakaposimama mbele ya hakimu kwa sababu ya picha hii, je, picha hii itasema kweli?