Tahariri: Kiti peke yake hakitoshi, wamama wasikilizwe

Aliyezoea mikutano ya kazi hapa Uvira anaijua picha hii. Mama ananyoosha mkono, anatoa wazo. Hakuna anayemjibu. Dakika kumi baadaye, mwanaume analirudilia wazo lile lile kwa Kifaransa kizuri. Mwenyekiti anamshukuru, na katibu anaandika jina la huyo papa kwenye ripoti.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinampa mwanamke haki ya kuwakilishwa kwa usawa katika taasisi za taifa, za jimbo na za mtaa. Sheria ya Agosti 1, 2015 ilieleza namna ya kutekeleza haki hiyo. Mwaka 2024 nchi ilipata mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu, Judith Suminwa Tuluka. Lakini sheria inaweza kumpa mama kiti. Haiwezi kumlazimisha jirani yake amsikilize.

Wengine husema wamama wananyamaza wenyewe. Tuangalie mkutano unavyofanyika. Unaendeshwa kwa Kifaransa, hali wengi waliomo wanafikiri kwa Kiswahili, Kifuliiru, Kivira au Kibembe. Mama ambaye hakumaliza masomo anafungiwa mlango mara mbili: kwa kuwa ni mwanamke, na kwa kuwa lugha yake haipewi heshima. Na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba!

Hasara ni ya wote. Mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Uamuzi wa namna hiyo unamgusa mwenye mtumbwi, lakini unamgusa pia mama anayenunua ndagala Kalundu kwa deni, anazianika na kuziuza ili alipe masomo ya watoto. Yeye ndiye anayejua deni litakaa miezi mingapi na soko litakosa nini. Asiposikilizwa, uamuzi unatoka nusu.

Dawa haiombi pesa za wafadhili. Mwenyekiti azungushe neno, kila mtu aseme kabla ya yeyote kusema mara ya pili. Anayekatiza arudishwe kwenye zamu. Kiswahili kiruhusiwe waziwazi. Katibu aandike jina la aliyetoa wazo kwanza. Mkutano usipangwe jioni, saa ambayo wamama wanahofia njia ya kurudi nyumbani.

Wamama nao wasaidiane. Wanawake waliofanya kazi katika ofisi ya Rais Obama kule Marekani walikuwa na desturi: mmoja akitoa wazo zuri, mwenzake analirudilia na kumtaja mwenye nalo, ili lisipotee wala lisiibwe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nasi waandishi wa habari tuna kosa letu. Mkutano ukiisha tunamkimbilia mwenyekiti na kinasa sauti, kisha tunaandika kwamba wamama "walishiriki". Kushiriki si kupigwa picha. Kuanzia sasa, tuulize swali moja kila tunapotoka mkutanoni: ni wazo gani la mama lililoingia katika uamuzi? Kama jibu ni hakuna, hiyo ndiyo habari ya kuandika.