Mshtarii Haijazi Nukta Moja

Siku tulipoionyesha anga ya Stellarium ukutani, mwanachama mmoja alituuliza kwa nini Sirius ni doa nene kuliko Zohali, ilhali nyota hiyo iko mbali mno kuliko sayari. Tulimjibu kwa ufupi kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Hapa tuna nafasi.

Tuanze na hesabu. Chukua kioo cha kompyuta chenye pikseli 1,920 kwa upana, ukionyeshe kipande cha anga cha digrii 60. Kila digrii ina dakika 60, kwa hiyo pikseli moja inabeba karibu dakika 2 za anga. Mwezi mpevu, wenye upana wa dakika 30 hivi, unapata pikseli 16. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, hata ikitukaribia vipi haifiki dakika 1. Haijazi nusu ya upana wa pikseli! Zohali ndiyo usiseme.

Kwa kawaida kompyuta hupaka rangi pikseli pale tu umbo linapofunika kitovu chake. Kitu kidogo kikipita baina ya vitovu hupotea, huibuka, kisha hupotea tena, kama taa yenye waya mbovu. Ndiyo maana programu hizi, kitu kikishakuwa kidogo hivyo, huacha kuuliza ukubwa wake na kuuliza mwanga wake: kiko umbali gani kutoka kwa Jua na kutoka kwetu, uso wake unarudisha mwanga kiasi gani, upande gani umeangazwa. Jibu huwa nukta yenye mng'ao unaostahili. Kamera nazo ziko hivyo. Tarehe 14 Februari 1990 chombo cha Voyager 1 kiliipiga picha Dunia kutoka karibu kilomita bilioni 6. Dunia ilichukua sehemu ya nane hivi ya pikseli moja, na bado inaonekana.

Sasa Sirius. Inang'aa takriban mara 1,000 kuliko nyota hafifu kabisa zinazoonekana kwa macho, na kioo cha kawaida kina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Mng'ao ukishafika kileleni, njia iliyobaki ni kuinenepesha nukta. Unene ule ni mwanga, si mwili. Programu ya Celestia humwachia mtumiaji achague: nukta tupu, nukta zenye ukungu, au visahani vinavyokua kadiri ya mwanga. Sisi tunapenda nukta tupu, ingawa wageni huziona kavu.

Hadi hapo hakuna aliyedhurika. Tatizo ni hilali. Kila Shaabani inapokaribia kwisha, picha za skrini huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp: huo hapo, utaandama leo! Watu hugombana kwa picha hizo, na wengine hupanga saumu kwazo. Lakini hilali ya usiku wa kwanza kwa kawaida haifiki hata dakika 1 kwa unene, yaani kwenye kioo chetu ni chini ya pikseli. Stellarium ina mpangilio wa kuukuza Mwezi ili upendeze. Ukiwashwa, uzi huo unakuwa kipande cha tikiti. Na hata bila kuukuza, programu huuchora Mwezi mahali ulipo kwa hesabu. Kama jicho litauona katika wekundu wa machweo, chini karibu na upeo, ni swali jingine.

Basi kabla ya kutuma picha, zima ukuzaji wa Mwezi, acha angahewa ikiwa imewashwa, na uandike picha inaonyesha digrii ngapi za anga. Kompyuta ya klabu iko hivyo tayari. Anayetaka kulinganisha aje Alhamisi, kabla ya mazoezi ya mashairi.