Kapo Lililoachwa na Boti Karema: Usiku Mmoja wa Kasokola Ungewafaa

Kama hujaiona ile video, basi bando lako limeisha tangu wiki iliyopita. Kaka msanii, jina kapuni, amesimama gizani pembeni ya Ziwa Tanganyika pale Karema, begi la magurudumu limezama nusu kwenye tope, anafoka: "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi?" Dada, ambaye nusu ya mabinti wa mjini wananunua lipstiki kwa kumwangalia yeye, hamjibu. Anaangalia maji tu. Boti waliyochangia hela haipo. Imeondoka na wenzao, keki ya bethidei ikiwa ndani.

Mitandao ikagawanyika hapo hapo. Timu Kaka wanasema dada kampeleka mtoto wa watu porini. Timu Dada wanasema kaka hana adabu. Na wapo wa katikati, wale wa "mahusiano ni ya wawili, tukaushe". Ila baada ya dada kuingia live juzi usiku na kuhadithia mwanzo hadi mwisho, imekuwa ngumu kukausha. Kumbe ugomvi wenyewe haukuanzia kwenye boti. Ulianzia kwenye usiku mmoja ambao mmoja aliuona ni hasara.

Mpango ulikuwa hivi. Kapo nne za Dar zilichanga kukodi boti itoke Karema, ishuke na mwambao kuelekea kusini, siku tatu za kuogelea, kuchoma samaki na kupiga picha. Kapo tatu zilitangulia siku moja kabla zikalala Karema. Hawa wawili walikuwa na shughuli Dar, hivyo wakapanda ndege ya asubuhi ya siku ile ile ya boti. Watue Mpanda saa tatu asubuhi, wadake gari, saa nane mchana wawe Karema, saa tisa boti ing'oe nanga. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Mwanzoni dada alipendekeza kitu kingine: waende siku moja kabla, walale Kasokola, kwa bibi yake, asubuhi ndiyo waelekee ziwani. Kaka akakataa. "Siku nzima inapotea, tunaenda kulala kijijini kufanya nini?" Dada akanyamaza. Siku ya safari mvua ikapiga, ndege ikachelewa kuruka, wakatua Mpanda saa saba na nusu mchana. Hadi wamepata gari ikawa saa tisa. Karema waliiona saa mbili usiku.

Sasa tuweke mapenzi pembeni kwanza, tuongelee safari.

Kati ya Mpanda na Karema kuna zaidi ya kilomita 100. Ile siyo Bagamoyo kwamba ukichelewa unapitia njia ya mkato. Masika barabara za Katavi zina tabia zake, na dereva wa huko akikwambia "tutafika", hasemi saa ngapi kwa sababu anaijua njia. Ndege za Mpanda nazo si kama za Mwanza kwamba ukikosa hii unadaka ya jioni. Halafu boti za ziwa haziangalii saa ya mkononi, zinaangalia upepo. Nahodha akiona maji yametulia anaondoka, maana akisubiri mtu mmoja anaweza kuwaweka kumi kwenye mawimbi.

Ndege na boti ni tiketi mbili zisizojuana. Ndege ikichelewa, mwenye boti hana habari. Hili si tatizo la Karema peke yake. Meli kubwa za kitalii zinazoondoka Miami au Barcelona nazo hazimsubiri abiria aliyejinunulia tiketi ya ndege mwenyewe akachelewa. Ndiyo maana wazoefu wa safari zile hufika siku moja kabla, wakalala karibu na bandari, na ile hela ya chumba wanaihesabu kama sehemu ya nauli. Hata wa hapa hapa, anayetua Dar jioni akitegemea boti ya mwisho ya Zanzibar, anajua anacheza kamari. Sasa kama mtu wa Barcelona, mwenye treni na teksi za kumwaga, anaweka usiku mmoja wa akiba, wa Karema masika anaupunguza kwa jeuri gani?

Halafu Ziwa Tanganyika lenyewe ni ziwa la kusubiri. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikakaa chini ya maji mpaka ilipoibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hili la sasa. Chombo kilikaa majini miaka 8 kikatoka na kuendelea na kazi. Kaka kashindwa kulala usiku mmoja kwenye kitanda chenye neti.

Na hilo neno "porini" nalo watu walitumie kwa akili. Karema ilikuwa na wageni kabla Masaki haijawa na lami. Wabelgiji waliweka kituo pale mwaka 1879, na mwaka 1889 alifika Adrian Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomea udaktari Malta, akatibu watu wa pale hadi alipofariki mwaka 1956. Enzi zile kutoka pwani hadi kule ilikuwa miezi kwa miguu, na walipumzika njiani bila mtu kuwaambia wanapoteza siku.

Kasokola nayo siyo mwisho wa dunia. Ni kata ndani ya Manispaa ya Mpanda, manispaa ile ile ambayo ina kata inayoitwa Uwanja wa Ndege na nyingine inayoitwa Mpanda Hoteli. Ukishuka kwenye ndege, ni suala la kupatana na bodaboda. Gharama ya usiku ule ingekuwa nauli ya boda, kilo mbili za sukari, sabuni na kitenge cha bibi. Upande wa pili, dada kataja mwenyewe walichopoteza: mchango wao wa boti, gari la kukodi kwenda na kurudi, siku mbili za gesti wakisubiri ndege, na zawadi ya bethidei waliyoishia kubaki nayo mkononi. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Lakini Timu Dada nao wasishangilie sana, maana live ile ilifichua kitu kingine. Bibi hakuwa anasubiri wageni wa kulala tu. Alishaambiwa na mjukuu wake kwamba anamleta mchumba. Wajomba walishaitwa. Jogoo alishachaguliwa, na mchele wa Mwamkulu ulishapepetwa. Dada hajaenda kumsalimia bibi tangu alipoanza kuwa staa, miaka sita sasa, na kwenye ukurasa wake hakuna mahali pameandikwa Kasokola. Ukimsoma pale utadhani alizaliwa Mlimani City. Kwa hiyo usiku ule kwake ulikuwa wa kulipa deni, na wa kumtambulisha mtu. Ila mwenyewe wa kutambulishwa hakuambiwa. Aliambiwa tu "tulale kwa bibi, ni karibu".

Hapo dada alizingua. Huwezi kumpeleka mwanaume kwenye kikao cha wajomba kwa kisingizio cha kupumzisha miguu kabla ya boti. Kuna wanaume wangeshtuka, na wangekuwa na haki ya kushtuka. Mila ziko wazi: mkwe haendi kwa kushtukizwa, anakwenda akiwa na mtu wake wa kumsemea na ametafuta cha kushika mkononi. Angemwambia ukweli, pengine kaka angekubali, pengine angekataa, lakini wangegombana Dar, kwenye sofa, bila kamera. Kupanga safari ya wawili siyo kukata tiketi tu. Ni kusema kila kituo kina kazi gani.

Pamoja na hayo yote, lawama kubwa bado iko kwa kaka, na sababu siyo kukosa boti. Mvua hainyeshewi na kesi. Sababu ni kilichofuata, ambacho wengi waliotazama ile video fupi hawakijui.

Walilala Karema usiku wa kwanza kwa kinyongo. Kesho yake wakarudi Mpanda, na ndege ya kurudi Dar ilikuwa siku iliyofuata. Yaani ule usiku uliokataliwa ukarudi wenyewe, bure, mikononi mwao. Hakuna boti ya kuwahi, hakuna siku ya kupotea, hakuna kisingizio. Na safari hii dada alimwambia kila kitu: bibi, wajomba, jogoo. Kaka akachukua chumba mjini, akawasha feni, akasema amechoka.

Dada akaenda peke yake, na bodaboda, jioni ile. Anasema alipofika, bibi alikuwa amekaa barazani na ile nguo yake ya kanisani, siku ya pili mfululizo, kwa sababu hakuna aliyempigia kumwambia kwamba mipango imebadilika. Akampa shikamoo, bibi akaitikia marahaba, akamkumbatia, kisha akachungulia nyuma ya pikipiki. Akauliza kwa ule utani wa mabibi: "Na mume wangu mmemficha wapi?"

Dada akamjibu: "Yuko kwenye boti, bibi."

Hapo ndipo live ilipokatika. Wengine wanasema ni mtandao, wengine wanasema alilia. Yote yanawezekana.

Ukifikiria vizuri, mwanamke mwenye wafuasi wengi vile, anayelipwa kusema ukweli kuhusu poda, alilazimika kumdanganya bibi yake ili kumlinda mwanaume aliyekuwa amelala chini ya feni umbali wa boda moja. Bibi akacheka, akasema basi atakuja siku nyingine, akapakua chakula cha watu wawili, kimoja akakifunika.

Kaka ana haki ya kutotaka kuoa. Ana haki ya kuogopa wajomba. Hata kuchoka ni haki ya mtu. Lakini kusalimia mzee hakuhitaji pete. Dakika kumi, shikamoo, glasi ya maji, kwaheri. Mtu anayeona hata hiyo ni hasara anakuwa ametoa taarifa kuhusu miaka yote inayokuja, na ameitoa mapema, kabla ya kadi kuchapishwa. Kwa maana hiyo ile mvua huenda ilimsaidia mtu.

Tangu juzi dada amebadilisha kitu kimoja tu kwenye ukurasa wake. Pale palipokuwa pameandikwa Dar es Salaam, sasa pameandikwa Kasokola, Mpanda. Picha za kaka bado zipo, hazijafutwa, na mashabiki wanahesabu siku.

Haya, wadau, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe ni dada, ungemwambia bibi ukweli? Na ungekuwa kaka, usiku ule wa pili, feni au boda?