Ukoko wa Shangazi na Uniti ya 76
Na Zuhura Mbonde

Shangazi yangu wa Mbuchi hapiki wali na kuondoka, anaupalia. Maji yakikaribia kukauka anavuta kuni nje ya mafiga, anafunika sufuria, halafu anatandaza makaa ya mkandaa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Saa hana. Anainamisha sikio tu: mtokoto ukinyamaza na tui likaanza kulia chini kwa chini kama mafuta, anajua maji yamekwisha na ukoko unashika.

Juzi alikuja Kibiti mjini kumwona mjukuu, akakuta wali uko kwenye raiskuka. Akavuta kigoda, akakaa nayo. Kitufe kiliporuka, ta!, akanigeukia: "Mwanangu, nani kaiambia kwamba umeiva?"

Nikamweleza. Maji yakiwamo sufuriani, joto halipiti nyuzi 100, hata moto uwe mkali vipi. Yakikauka, kitako kinapanda ghafla. Chini ya kitako kuna sumaku iliyoundwa ipoteze nguvu joto likizidi kidogo hapo. Ikilegea, springi inasukuma swichi. Nayo inangojea maji yakauke, kama wewe.

Akafunua. "Na ukoko uko wapi?"

Hapo sikuwa na utetezi.

Lakini kwa hesabu ya moto, mafiga yanashindwa vibaya. Joto jingi linapita pembeni ya sufuria, linapasha hewa, makuti na macho ya mpishi. Jagi la umeme halina pa kumwaga: koili imelaliwa na maji, karibu joto lote linaingia humo. Lita moja ya maji ya mtungini hadi ichemke inakula takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Kwa mteja mdogo wa TANESCO anayelipa shilingi 100 kwa uniti, bila kodi, hizo ni lita kumi za maji ya moto kwa bei ya andazi.

Sasa njoo kwenye LUKU. Bei hiyo inaishia uniti 75 kwa mwezi. Friji dogo la mama muuza barafu linakula uniti moja hivi kwa siku. Ongeza taa, televisheni na feni. Mama huyo akianza na kupikia, uniti ya 76 anaikuta kwa shilingi 350. Mara tatu na nusu! Anazima, anarudi kwenye mkaa, halafu tunamwita mshamba asiyetaka kubadilika.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Vizuri. Ila ukomo wa uniti 75 ni wa nyumba inayowasha taa, si inayochemsha maharage. Uinuliwe. Umeme tunao: mitambo tisa ya Bwawa la Nyerere ina uwezo wa megawati 2,115, na maji yakishaizungusha yanateremka hadi delta ya Rufiji, kwenye mashamba ya mpunga ya kina shangazi. Wanayapata maji kabla ya umeme wa bei ya kupikia.

Shangazi kesharudi kwake. Kaniachia agizo: ikitoka raiskuka inayojua kuunguza kidogo, nimpigie simu.