Kosa la kwanza ni kengele



Katika kanisa letu kuko kijana mumoja anayefanya kazi ya pikipiki. Siku ya posho usiku alianguka karibu na njia ya malori, akachunika magoti na mukono. Kesho yake, siku ya yenga, alikuja kanisani na bandeji, akatoa sadaka ya shukrani. Sisi wote tukapiga makofi. Mama yake akapika wali na kuku, na mimi nikaombea chakula. Hakuna mutu aliyemuuliza: "Mwanangu, ulikuwa unatoka wapi? Ulikuwa umekunywa nini?" Jibu tulilijua. Kijana alikuwa anatoka kwenye lutuku. Lakini tulinyamaza juu ya kumuheshimu mama.

Kisha miezi mine alianguka tena, na safari hii alikuwa amebeba dada yake nyuma. Yule binti anatembea na fimbo mpaka leo.

Tangu siku ile nimeacha kusema haraka: "Ameumia, sasa amejifunza." Hapana. Kosa lenyewe halimufundishi mutu. Ni kama kengele ya asubuhi: inalia kweli, lakini mwenye usingizi anaweza kugeuka upande mwingine na kuendelea kulala.

Vijana wetu wanapenda michezo, basi nitawaelezea habari ya wachezaji wawili wa Marekani. Ni habari ya kweli, na ilifika mpaka tribinali.

Jerry Brown na Josh Brent walikuwa marafiki. Walicheza pamoja katika chuo kikuu cha Illinois, ule mupira wa Kimarekani wa kubeba mukononi na kusukumana. Baadaye wakakutana tena katika timu kubwa ya Dallas Cowboys, katika jimbo la Texas. Brent alikuwa anaingia uwanjani. Brown, kijana wa miaka 25, alikuwa katika kundi la wale wanaofanya mazoezi na timu na kungojea nafasi yao. Ninyi munaokaa kwenye benchi kila siku ya yenga munajua namna mutu anavyongojea nafasi yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Desemba 2012 walitembea pamoja, wakanywa. Brent ndiye alishika usukani. Katika muji wa Irving motokari ilikuwa inakimbia sana, ikagonga ukingo wa njia, ikapinduka na kushika moto. Brent alimuvuta rafiki yake inje. Yeye akapona. Brown akafa.

Siku ileile wachezaji wenzao walikuwa wanasafiri kwenda Cincinnati kucheza, na habari ya kifo iliwafikia ndani ya ndege. Kesho yake waliweka jezi ya Brown, namba 53, kwenye benchi, wakacheza na kushinda 20 kwa 19. Ushindi ule haukumurudisha mutu nyumbani kwa mama yake.

Munganga alipopima damu ya Brent, ilionekana kipimo cha 0.18. Sheria ya Texas inakataza kuendesha ukifikia 0.08. Ni zaidi ya mara mbili.

Sasa sikilizeni neno linaloniumiza zaidi. Hii haikuwa mara ya kwanza. Katika mwaka 2009, wakati Brent alikuwa angali mwanafunzi kule Illinois, alikubali mbele ya tribinali kosa la kuendesha akiwa amelewa. Alipewa siku 60 za kifungo na miaka 2 ya kuangaliwa. Kengele ililia, tena kwa nguvu. Bila shaka wengi walisema kama tunavyosema sisi: "Sasa amejifunza." Miaka 3 baadaye, mukono uleule ulikuwa kwenye usukani, na pombe ndani ya damu.

Kwa nini? Siwezi kuingia ndani ya moyo wa mutu. Lakini ninaona mafundisho tatu ambayo yanatufaa sisi huku kwetu, kwenye njia zetu za malori ya shaba na pikipiki zisizo na taa.

La kwanza: azabu si fundisho. Boloko inaweza kufunga miguu ya mutu, na faranga za kulipa zinaweza kumaliza mufuko wake, lakini siku ya kutoka atakuta marafiki walewale, kilabu kilekile na usiku uleule. Someni Mezali sura ya 23, mistari ya mwisho. Pale munamuona mulevi aliyepigwa bila kusikia uchungu, na wazo lake la kwanza akiamuka ni kutafuta kinywaji tena. Pigo alilipata, fundisho hakulipata. Mutu anajifunza siku anapobadilisha kitu: njia anayopita, watu anaokaa nao, mahali anapoweka faranga zake siku ya mushahara.

La pili: uamuzi unafanywa mbele ya chupa ya kwanza, si nyuma ya chupa ya sita. Pombe inaanza kuzima akili ya kupima hatari, na miguu inalegea nyuma. Ndiyo sababu mulevi anasema kwa nguvu: "Mimi niko sawa!" Hasemi uongo, kile kitu cha kumuambia kwamba hayuko sawa ndicho kimelala. Kule Marekani chama cha wachezaji kilikuwa na mupango wa kuita shofere usiku, ili mutu aliyekunywa asiendeshe. Telefone ilikuwako. Lakini telefone inapigwa na mutu ambaye akili yake ingali macho.

Na vijana wa kazi ya mugodi, musikie hesabu hii. Ini la mutu linaondoa pombe polepole, karibu kipimo cha 0.015 kwa saa moja. Mutu wa 0.18 anahitaji karibu saa 12 ili damu yake iwe safi. Kahawa haiharakishi. Maji ya baridi kichwani hayaharakishi. Kutapika hakuondoi ile ambayo imekwisha kuingia katika damu. Basi yule anayeacha kunywa saa 8 ya usiku na kupanda lori saa 12 ya asubuhi, amelala, ameoga, amevaa kofia ya kazi, lakini angali mulevi. Saa ndiyo dawa, na saa haina ndugu.

La tatu: rafiki naye ana neno la kusema. Simusemi marehemu vibaya. Alilipa kwa maisha yake. Lakini kila kijana anayepanda nyuma ya pikipiki ya mulevi anampa yule mulevi ruhusa. Anamuambia bila kinywa: "Ninakuamini." Rafiki wa kweli anashika ufunguo. Atatukanwa, ataitwa pasta, atachekwa. Asubuhi watakuwa wazima wote wawili, na matusi yatakuwa yamekwisha.

Sasa nirudie kwa yule mama. Mama ya Jerry Brown alipoteza mutoto wake kwa mukono wa rafiki. Sisi tungefikiri atafunga mulango. Yeye alimualika Brent aende pamoja na jamaa katika ibada ya ukumbusho. Na katika mwezi wa Januari 2014, wakati tribinali ya Dallas ilimukuta Brent na hatia, mama yule alisimama kumuombea huruma. Alisema kwamba kijana yule ana hatia kweli, lakini yeye hawezi kuendelea kuishi na kinyongo. Brent angeweza kupewa mpaka miaka 20. Alipewa siku 180 za kifungo na miaka 10 ya kuangaliwa.

Wazazi, angalieni vizuri namna mama yule alivyofanya. Hakusema: "Ni bahati mbaya tu." Hakusema: "Shetani alipita." Alisema hatia iko, na kisha akasamehe. Sisi mara mingi tunageuza. Tunaruka hatia, tunaita rehema, tunapika kuku. Ile si rehema. Ni kufunika kidonda ambacho kingali na uchafu ndani.

Na rehema nayo haimalizi kazi. Brent alirudi kucheza na timu yake mwisho wa 2014. Lakini katika mwaka 2019 polisi ya muji wa Coppell, kule Texas, ilimukamata tena kwa shitaka la ulevi mbele ya watu. Siandiki neno hili ili tumucheke. Ninaliandika kwa sababu kuko mama anayesoma ukurasa huu, na mutoto wake ameahidi mara kumi, analia kweli, na kurudia kweli. Mama, machozi yake si ya uongo. Lakini kuko watu ambao pombe imewashika kama ugonjwa, na haya peke yake haiponyeshi ugonjwa. Mutu wa namna hii anahitaji munganga, anahitaji watu wa kutembea naye kila siku, na mara mingi anahitaji kuacha kabisa hata kikombe kimoja. Kumuombea ni vizuri. Kumuombea na kumuacha peke yake siku ya mushahara, si vizuri.

Munakumbuka Petro. Alimukana Bwana mara tatu karibu na moto. Yesu alimusamehe, ndiyo. Lakini hakumusamehe kwa kunyamaza. Karibu na moto mwingine, kule ufukoni, alimuuliza ulizo moja mara tatu, mpaka Petro akahuzunika. Kisha akamupa kazi. Ulizo, huzuni, kazi. Ile ndiyo njia ya kujifunza. Sisi katika kanisa letu tuliruka ulizo, na binti mumoja analipa mpaka leo. Kosa lile ni langu kwanza, mimi muchungaji, na nimemuomba binti yule musamaha mbele ya wazazi wake.

Yule ndugu yake, je? Kisha ajali ya pili tulikaa naye, baba yake mukubwa, wazee wawili na mimi. Tulimuuliza. Hakupenda. Alikasirika, akatoka, akarudi. Mwisho tulipatana hivi: siku ya posho, mbele ya jua kushuka, anampa mama yake ufunguo wa pikipiki. Mama analala nao. Siku mbili alikuja usiku kugonga mulango na kuuomba kwa matusi, na mama hakufungua. Sasa ni mwaka na nusu. Anapoteza faranga za wateja wa usiku, na anajua. Dada yake ndiye anaurudisha ufunguo mukononi mwake siku ya kwanza asubuhi.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, ni kosa gani tulilofunika bila kuuliza?

2. Kijana, nani anaweza kushika ufunguo wako wakati unapokasirika?

3. Wazazi, siku ya mushahara ya mwisho, watoto wetu walituona tukifanya nini?

Mungu awalinde katika njia zote, ya mugodi na ya nyumbani.

Muchungaji wenu