Hakuna 'Nje' ya Kutupa Plastiki

Juzi nikiwa ndani ya matatu nilimwona kijana wa shule akimaliza soda yake, akafungua dirisha na kuirusha chupa. Ajuza aliyeketi kando yake akamuuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hiyo chupa umeitupa wapi?" Kijana akajibu, "Nje, nyanya."

Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo. Hebu tufuatane pamoja, mimi nawe, tuione hiyo "nje" iko wapi.

Ganda la ndizi ukilitupa litaoza na kuwa udongo. Plastiki haiozi hivyo. Jua huikausha, magari huikanyaga, mawimbi huipigapiga kwenye miamba, nayo huvunjikavunjika mpaka ikawa chembe. Chembe zisizozidi milimita 5 wataalamu huziita maikroplastiki. Nyingi ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona. Jina hilo lilianza kuvuma mwaka 2004, wakati mwanasayansi Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipoeleza jinsi chembe hizo zilivyotapakaa katika mchanga wa pwani na maji ya bahari.

Wala usidhani ni chupa na mifuko tu. Nguo za poliesta na nailoni hutoa nyuzi nyembamba kila zinapofuliwa. Magurudumu ya magari nayo husagika barabarani. Mvua ikinyesha, vyote hivyo hufuata mtaro hadi mtoni. Na wewe mkazi wa Nairobi usiseme bahari iko mbali. Mto Nairobi humwaga maji yake katika Mto Athi, na Mto Athi, ukishabadilisha jina na kuitwa Sabaki, huingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Hiyo ndiyo "nje" ya yule kijana.

Huko baharini wanaishi viumbe wadogo sana waitwao planktoni. Mwaka 2018, wanasayansi wa hapa Kenya walichapisha utafiti uliothibitisha kwamba planktoni wa bahari yetu wanameza chembe za plastiki. Sasa fuata mlolongo: planktoni huliwa na dagaa, dagaa huliwa na samaki mkubwa, na samaki mkubwa huletwa mezani kwako. Kasa naye huiona mifuko ikielea, akadhani ni yavuyavu, akaimeza.

Hata ziwani hakuna nafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwachunguza mbuta na ngege wa Ziwa Viktoria walionunuliwa mjini Mwanza, Tanzania. Samaki mmoja katika kila watano alikutwa na plastiki tumboni. Na mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walitangaza kuwa, kati ya watu 22 waliopimwa damu, 17 walikuwa na plastiki ndani yake.

Je, tuache kula samaki? La hasha! Samaki ni chakula bora kwa mtoto anayekua, na omena ni mkombozi wa familia nyingi ambazo mfuko hauruhusu nyama. Tukimsusia samaki, tutamwadhibu mvuvi na mama karanga kwa kosa ambalo si lao peke yao. Wataalamu wangali wanachunguza madhara ya chembe hizo mwilini, na plastiki haiingii mwilini kwa njia ya samaki pekee.

Lakini yapo tunayoweza kufanya. Plastiki nyingi anazomeza samaki hukaa tumboni na kwenye utumbo. Kwa hiyo mpasue, umtoe matumbo yote na umwoshe vyema. Chaza na omena huliwa wazima, hivyo usalama wao unategemea usafi wa maji wanamoishi. Hapo ndipo mzigo unaturudia sisi.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na wengi tukarudia vikapu na viondo bila kufa. Huko Lamu, mafundi waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, zikiwemo ndara kuukuu. Jahazi hilo, Flipflopi, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Ikiwa wao waliweza kuunda chombo cha kukata mawimbi, wewe utashindwa kumnunulia mwanao chupa moja ya maji ya kudumu? Utashindwa kubeba chupa tupu hadi mahali pa taka? Usizichome uani pia, kwa maana moshi wake ni sumu kwa watoto.

Maji yakimwagika hayazoleki. Chupa nzima unaweza kuiokota. Ikishasagika na kuingia baharini, nani ataichuja bahari?

Kwa hiyo leo mkiketi mezani, waulize wanao swali la yule ajuza. Akikujibu mmoja wao "nje", usimkemee. Mchukue polepole kutoka kwenye mtaro wa mtaa wenu hadi Sabaki, kisha umrudishe kwenye sahani iliyo mbele yake. Ataelewa.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.