Bismillahi Haihalalishi Kibudu

Imezuka kauli, na sasa imefika hata misikitini kwetu Busi, ikiletwa na baadhi ya ndugu wanaorejea kutoka Ulaya: kwamba aliyeko huko ale nyama yoyote, apige bismillahi, yatosha. Wazee wanatuuliza kama wawajibu hivyo watoto wao walioko ughaibuni. Tunasema: la.

Wanategemea hadithi ya Mama Aisha (r.a.) iliyomo katika Bukhari, juu ya nyama isiyojulikana kama ilitajiwa jina la Allah. Hadithi ni sahihi, matumizi ndiyo mabovu. Walioileta nyama ile walikuwa Waislamu wapya, na walikuwa wameichinja. Shaka ilikuwa katika tasmiya, si katika kuchinja.

Ama chakula cha Ahlul Kitab, Suratul Maida aya ya 5, hatukikanushi. Lakini aya ya 3 ya sura hiyo hiyo imeharamisha mnyama aliyenyongeka na aliyekufa kwa kipigo, awe mikononi mwa nani. Na katika viwanda vya Ulaya kuku huning'inizwa miguu juu, kichwa kikapitishwa katika maji yenye umeme, au huingizwa kwenye gesi. Wapo wanaokufa kabla kisu hakijawafikia. Ndiyo maana Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1997, iliruhusu umeme kwa ng'ombe kwa masharti, likiwemo kwamba asife kabla ya kuchinjwa, na ikaukataza kwa kuku. Je, hawa wanaosoma bismillahi juu ya paja la kuku wameyapitia haya?

Wakishindwa hapo hukimbilia dharura. Ni kweli njia imebanwa. Uswidi ilikataza kuchinja bila kumzimisha mnyama tangu miaka ya 1930, Denmark mwaka 2014, Flanders na Wallonia za Ubelgiji mwaka 2019; na mwaka 2024 mahakama ya Strasbourg ikaliunga mkono katazo la Ubelgiji. (Huruma hiyo haijamfikia kulungu anayepigwa risasi kwa starehe.) Lakini sheria hizo zimegusa uchinjaji, hazikuzuia nyama ya halali kuingizwa kutoka nje. Na samaki je? Mayai? Maharage? Sisi hapa tunakula ugali na mlenda wiki nzima, na hakuna aliyeita dharura.

Basi wajibuni watoto wenu hivi: wamuulize mwenye bucha nani amechinja, wapi, na kama mnyama alikuwa hai kisu kilipomfikia. Maandishi ya Kiarabu dirishani si shahidi. Asiyeweza kujibu, wamwachie nyama yake.